Neno Refu la Kiingereza Huhesabiwa Kutoka Mkiani

*"Mwalimu, habari za kazi. Niko mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi hapa Kisumu. Kila Jumatano tunazunguka wodini na msimamizi wetu, na kila mwanafunzi husimulia hali ya mgonjwa wake kwa Kiingereza. Kazi naijua na ninachosema nakielewa, ila nikifika kwa maneno marefu nakwama. Wiki jana nilifikia 'haemorrhage' nikasema he-mo-RE-ji, wenzangu wakaangua kicheko mbele ya wagonjwa. Nimejaribu kukata maneno silabi kwa silabi nikipiga makofi kama tulivyofundishwa shule ya msingi, lakini bado yanatoka kama Kiswahili. Nikifungua kamusi, moja imekata neno hapa, nyingine pale. Rafiki yangu ananiambia shida ni lafudhi ya Kijaluo na haina dawa. Je, kuna kanuni, ama ni kukariri neno moja moja? Na la mwisho: msimamizi wetu mwenyewe husema ca-THE-ter, na kamusi inasema CA-the-ter. Nimfuate nani?"*

Pole kwa kicheko hicho, dadangu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja, na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio uliouliza. Nianze na hiyo he-mo-RE-ji yako, kwa sababu imebeba karibu kila kitu.

Ulifanya pale jambo ambalo sikio la Kiswahili hukufanyia bila kukuomba ruhusa. Chukua "soma". Mkazo, au shadda kama tulivyoiita darasani, uko kwa SO. Ongeza mkia kidogo: so-ME-sha. Ongeza tena: so-me-SHA-na. Neno linarefuka na mkazo unahama nalo, na kila mara unatua silabi ya pili kutoka mwisho. Hakuna aliyekufundisha hivyo. Umenyonya pamoja na maziwa. Kanuni hiyo ina nguvu kiasi kwamba hata maneno ya wageni yakiingia huku hulazimika kuitii. Mwingereza alikuja na HOS-pi-tal, akiugonga mwanzo. Sisi tukatia irabu mwishoni, likawa ho-spi-TA-li. TI-cket ikawa ti-KE-ti, MA-na-ger akawa me-NE-ja, CUP-board ikageuka ka-BA-ti. Kiswahili kina maneno machache sana yanayokaidi. "Barabara" ya kupitia magari ni ba-ra-BA-ra, lakini kazi iliyofanywa sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Umeona? Hata kwetu mkazo ukihama maana inaweza kuhama.

Sasa rudi kwa haemorrhage, yaani kutokwa na damu nyingi. Uliona herufi, ukazipa irabu zote haki yake, ukapata silabi nne: he-mo-re-ji. Kisha sikio likahesabu mbili kutoka mwisho, likagonga RE. Kwa Kiswahili hujakosea hata nukta. Kwa Kiingereza neno hilo lina silabi tatu tu mdomoni, HE-ma-rij, na ngumi iko mwanzo. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na la kwanza ndilo lililozaa la pili: ulihesabu herufi badala ya sauti.

Hesabu hiyo ya herufi ndiyo natamani uiache kabla ya kitu kingine chochote. Kwa Kiswahili jicho na sikio ni ndugu. Ukiona "ua" unajua ni u-a, silabi mbili, kwisha. Kwa Kiingereza jicho hudanganya. "Bruise" ina irabu tatu zilizoandikwa na silabi moja. "Asthma" imejaa konsonanti katikati, lakini mdomoni ni AS-ma. Na hapo wodini kuna mtego mwingine mnaoukanyaga kila siku: vitenzi vya wakati uliopita. Huwa nawasikia wanafunzi wakisema mgonjwa ni "dis-CHA-jed", silabi tatu. Ile "-ed" huzaa silabi mpya pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: "treated" ni mbili, "admitted" ni tatu, "vomited" ni tatu. Kwingine kote humezwa. "Discharged" ni mbili, "dressed" ni moja, "stopped" ni moja. Rekebisha hilo peke yake na ripoti yako itasikika tofauti Jumatano ijayo, kabla hata hatujagusa maneno marefu.

Kuhusu kamusi zinazopingana: hazipingani kama unavyodhani, kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti. Zile nukta au vistari unavyoona ndani ya neno lililoandikwa, hasa katika kamusi za Marekani, viliwekwa ili kumwambia mpiga chapa akatie wapi neno likifika mwisho wa mstari. Ni alama za karatasi. Hapo Wamarekani hufuata zaidi sauti, na Waingereza kwa desturi yao hufuata zaidi asili ya neno. Ndiyo maana Mmarekani atakata "pho-tog-ra-phy", naye Mwingereza wa zamani atakata "photo-graphy" ili "photo" ibaki nzima. "Knowledge" Mmarekani huikata "knowl-edge", Mwingereza "know-ledge". Hakuna hata mmoja kati yao anayekuambia utamke namna gani. Wewe unayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa ukatie wapi haikuhusu sana. Tafuta ile sehemu ya matamshi, mara nyingi kati ya mistari miwili ya mshazari, na ndani yake utaona kialama kidogo kilichosimama juu kama chengachenga ya mchele: ˈ. Kialama hicho huwekwa *kabla* ya silabi yenye mkazo. Kikiwa chini, ˌ, ni mkazo mdogo. Angalia tu mwanzoni mwa kamusi, kwa maana kuna za Marekani zinazoweka alama baada ya silabi, na hapo ukikosea utagonga jirani.

Sasa makofi. Samahani kwa walimu wenzangu wa madarasa ya chini, lakini makofi ndiyo yaliyokuharibia. Ukipiga makofi kwa "hae-mor-rhage", pa, pa, pa, kila silabi inapata kofi lenye uzito ule ule. Hiyo ni midundo ya Kiswahili, ambapo kila silabi ni raia kamili: katika "kitabu" hakuna irabu inayofifia, i ni i na u ni u. Kiingereza hakina usawa huo. Silabi yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu zaidi, hurefuka, sauti hupanda, na irabu yake husikika wazi. Zile nyingine hunyimwa chakula mpaka irabu zao zinakonda na kuwa kile kisauti kisicho na umbo ambacho wanaisimu hukiita shwa, kama mtu anayeguna "a" bila kufungua kinywa vizuri. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi zaidi katika Kiingereza chote, na haina herufi yake mwenyewe. Inajificha nyuma ya a, e, o, yoyote ile. Ile "mor" ya haemorrhage ni shwa. Ndiyo maana nimeiandika "ma" na si "mo".

Kama umewahi kuona isukuti ikipigwa Kakamega, unajua ngoma huja tatu: kubwa, ya kati, na ndogo. Neno refu la Kiingereza ndivyo lilivyo. Ngoma kubwa hupigwa mara moja tu. Ya kati, huo mkazo mdogo, hupigwa mapema ili neno lisianze kwa msururu mrefu wa silabi dhaifu. Ndogo hujaza palipobaki. Sikiliza "appendicitis": ap-*pen*-di-CI-tis. Pen ni ngoma ya kati, CI, inayotamkwa "sai", ni kubwa. Makofi yanaleta ngoma tano za ukubwa mmoja. Badala ya makofi chukua mpira ule wa kufungia noti, uushike kwa vidole gumba viwili, uvute silabi moja tu na uulegeze kwa zote nyingine. Utajihisi mjinga kwa dakika tano. Vumilia.

Tukifika kwa swali lako kubwa, kama kuna kanuni: zipo, na habari njema ni kwamba maneno ya hospitali yanazitii kuliko maneno ya sokoni. Mengi ni ya Kigiriki na Kilatini, na yamekuja na desturi ya Kilatini mgongoni. Mlatini pia alihesabu kutoka mwisho, kama sisi. Aliitazama silabi ya pili kutoka mwisho akauliza: ni nzito au nyepesi? Ikiwa nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti, ilibeba mkazo. Ikiwa nyepesi, ilimrushia mzigo jirani wa tatu. Kiswahili hakiulizi swali hilo la uzito. Kila mara ni mbili. Tofauti yetu na wao iko hapo, na si kubwa hivyo. Pla-CEN-ta: katikati pamefungwa na n, ni nzito, inabeba. CAN-nu-la: katikati ni nyepesi, mzigo unarudi nyuma. CA-the-ter, hivyo hivyo.

Shida ni kwamba uzito hauonekani vizuri kwa maandishi ya Kiingereza. Kwa hiyo mimi hufundisha mikia. Usianze kulisoma neno refu kutoka kichwani. Tazama linavyoishia kwanza, kama vile mchuuzi pale soko la Kibuye anavyomgeuza samaki kabla ya kutaja bei.

Kuna mikia ya mbili, yaani inayoutua mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na hii ni zawadi yako kwa sababu Kiswahili tayari kimekufundisha. Maneno ya "-itis" yote: ton-sil-LI-tis, me-nin-GI-tis, gas-tro-en-te-RI-tis. Ya "-osis": tu-ber-cu-LO-sis, cir-RHO-sis. Ya "-ic": di-ag-NOS-tic, an-ti-SEP-tic. Ya "-tion" na "-sion", mradi ukumbuke kwamba "-tion" ni silabi moja, "shan", wala si "ti-o-ni": in-FEC-tion, re-sus-ci-TA-tion. Ya "-cian" pia, phy-SI-cian. Dawa za "-cillin" na "-mycin": a-mox-i-CIL-lin, e-ryth-ro-MY-cin. Fungua daftari lako la wodi uhesabu ni mangapi yanaangukia hapa. Nadhani utashangaa ni mangapi ulikuwa ukiyasema vizuri siku zote huku ukijiona hujui.

Mikia ya tatu ndiyo inayowaangusha Waswahili. Hapa sikio linakuvuta kwa mbili na wewe lazima upande ngazi moja zaidi. "-logy": phar-ma-CO-lo-gy. "-graphy", "-scopy", "-pathy": ra-di-O-gra-phy, en-DOS-co-py, neu-RO-pa-thy. "-tomy" na "-ectomy": a-NA-to-my, hys-te-REC-to-my. "-ity": mor-TA-li-ty, im-MU-ni-ty. "-ical": CLI-ni-cal, a-na-TO-mi-cal. Na "-ia", ambayo ni silabi mbili: pneu-MO-ni-a, a-NAE-mi-a, ma-LA-ri-a. Usisahau p ya pneumonia imekufa zamani. Dawa zinazoishia "-azole" na "-floxacin" ni za humu pia: flu-CO-na-zole, met-ro-NI-da-zole, cip-ro-FLOX-a-cin. Paracetamol haina mkia kati ya hii lakini inahesabika vivyo hivyo, pa-ra-CE-ta-mol, na wengi wetu huikwepa kwa kusema Panadol.

Ukishaelewa hivyo, familia moja ya maneno inaacha kuwa fujo. Mwanafunzi aliniuliza wakati mmoja kwa nini Waingereza hawaamui. Wanasema DI-ag-nose, halafu di-ag-NO-sis, halafu di-ag-NOS-tic. Wanasema PHAR-ma-cy, halafu phar-ma-CO-lo-gy, halafu phar-ma-CEU-ti-cal. Nikamuuliza, na wewe je, mbona husemi SO-ma, SO-mesha, SO-meshana? Mkia mpya, hesabu mpya. Wao wanafanya tunavyofanya, ila kila mkia una tarakimu yake.

Ipo pia mikia michache ya moja, inayogongwa yenyewe: vo-lun-TEER, trai-NEE, en-gi-NEER. Na mikia mingine isiyohesabika kabisa, imebandikwa tu kama kibandiko na haigusi mkazo: "-ment", "-ness", "-less", "-ful", "-ly", "-ing", mara nyingi na "-able". Hii iondoe kwanza, halafu uhesabu kilichobaki. MA-nage, kwa hiyo MA-nage-ment. As-SESS, kwa hiyo as-SESS-ment. De-VE-lop, de-VE-lop-ment, wala si ile developMENT ya wanasiasa wetu mazishini.

Nisikudanganye kwamba mambo yameisha. Mikia ina watoro. "-ic" inamtoroka CA-tho-lic, A-ra-bic, a-RITH-me-tic, na PO-li-tics. "-ee" inamtoroka com-MIT-tee. E-pi-lep-sy inagongwa mwanzo kabisa, ya nne kutoka mwisho, na hilo ni la kukariri. Halafu kuna maneno ambayo wenyewe hawajaafikiana. Mwingereza husema la-BO-ra-to-ry, akila irabu moja karibu na mwisho. Mmarekani husema LA-bo-ra-to-ry. Ad-VER-tise-ment ya London ni ad-ver-TISE-ment ya Chicago. Kwa hayo chagua moja, shikilia, usibabaishwe. Huku kwetu kila mtu husema "lab" na maisha yanaendelea.

Mimi mwenyewe nilifundisha Kidato cha Pili kwa miaka minne nikiitamka "determine" kama "de-ta-MAI-ni", mpaka mgeni mmoja aliyekuja kukagua masomo akaniuliza kwa upole kama kitenzi hicho kina undugu na "mine", yaani mgodi. Ni di-TER-min. Niliona haya mpaka kwenye vidole vya miguu, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuwa amewahi kunisahihisha, kwa sababu wao nao walikuwa wakisema hivyo, na kwa sababu tuliufundisha mkazo kwa kalamu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza, lakini mtihani wenyewe ni wa kuandika. Mtoto anapigia mstari silabi yenye mkazo, anapata alama zake, na anaweza kumaliza shule bila kulitamka neno hilo kwa sauti hata siku moja. Kwa hiyo usijilaumu sana. Ulifundishwa kuogelea kwa kuchora ziwa.

Nikija kwa rafiki yako na "lafudhi ya Kijaluo". Mwambie amechanganya vitu viwili. Lafudhi ni jinsi sauti zako zinavyobeba harufu ya nyumbani. Mkazo ni muundo wa neno, na muundo unafundishika kwa umri wowote. Tena Dholuo, hicho Kijaluo chenu, imekupa kitu ambacho mimi niliyekulia kwa Kilogooli nililazimika kukitafuta: mna maneno yanayofunga kwa konsonanti, "nam", "rech", "ot". Ulimi wako unajua kusimama ghafla. Wangu ulikuwa unatafuta irabu ya kutulia, na "haemorrhage" kwangu ilikuwa na i ya bure mwishoni kwa miaka mingi. Ile i uliyotia wewe kwa "RE-ji" naona ilitoka kwa Kiswahili cha shuleni. Kijaluo kimesingiziwa.

Kama unataka kujua ni kiasi gani cha haya kinahitajika kweli, wataalamu hawakubaliani. Mwanaisimu Mwingereza Jennifer Jenkins alitoa hoja mwaka 2000 kwamba watu wanaotumia Kiingereza kati yao bila mzawa wa lugha hiyo wanaelewana vizuri hata mkazo wa neno ukikosewa, na kwamba kinachovuruga zaidi ni kukosea ni neno gani katika sentensi limebeba uzito. Kuna walimu wengi wanaompinga. Mimi niko katikati. Wodini Kisumu, mkiwa Wakenya watupu, he-mo-RE-ji ilieleweka. Wasingecheka kama hawangeelewa. Lakini ukienda kufanya kazi na daktari mgeni, au ukakaa mtihani wa kusikiliza na kuzungumza ili uajiriwe ng'ambo, mkazo uliohama unaweza kumpoteza msikilizaji kabisa, kwa maana mzawa hutegemea sana umbo la mdundo wa neno ili kulitambua. Kwa hiyo jifunze mahali pa mkazo kwa bidii. Hizo shwa za kukondesha irabu zitakuja polepole, na zisipokuja zote si msiba.

Na kuna mahali ambapo nakuomba *usizikondeshe*. "Hypoglycaemia" na "hyperglycaemia". Kwa hesabu ya mkia, zote mbili zinagongwa CAE: hy-po-gly-CAE-mi-a, hy-per-gly-CAE-mi-a. Ni sahihi. Lakini msemaji mwepesi akilegeza mwanzo, "haipo" na "haipa" zinakaribiana mno, na tofauti kati yao ni mgonjwa anayehitaji sukari na mgonjwa ambaye sukari imemzidi. "Hypotension", shinikizo la damu likishuka, na "hypertension", likipanda, ni vile vile. Kiingereza chenyewe kinaruhusu kuvunja kanuni pale maneno mawili yanapolinganishwa: unaruhusiwa kuhamisha mkazo mkubwa mpaka kwenye kiambishi, HY-PO, utamke o yako ya Kiswahili wazi kabisa, kisha utaje na kipimo: "hypoglycaemia, sukari ni 2.5." Irabu zetu nene, zile tunazoambiwa ni za kijijini, hapa ni salama kuliko za redio ya London.

Sasa mazoezi. Usichukue orodha ndefu. Chukua maneno kumi kutoka kwa faili za wagonjwa wako wa wiki hii, uondoe majina ya wagonjwa, na juu ya kila neno weka nukta moja ya biro kwenye silabi ya ngoma kubwa. Kisha ulijenge neno kutoka nyuma. Hili ndilo zoezi ninaloliamini kuliko yote. Kwa hypoglycaemia: "mi-a". "CAE-mi-a." "gly-CAE-mi-a." "po-gly-CAE-mi-a." "hy-po-gly-CAE-mi-a." Ukianza kwa kichwa unafika mkiani umechoka na pumzi imeisha, na ndipo ulimi unakimbilia mdundo wa Kiswahili. Ukianza mkiani, kila hatua unaelekea mahali unapopajua. Baadaye litie ndani ya sentensi nzima utakayoisema Jumatano, ujirekodi kwa simu, usikilize ukiwa kwa matatu ya kutoka Kondele. Nukta ikiwa mahali pake, endelea na lingine. Siku tatu kwa maneno kumi zinatosha.

Kuna neno moja katika barua yako ambalo limenisumbua: "nakwama". Kama unakwama kwa maneno marefu ya Kiingereza peke yake, haya niliyoandika yanakutosha. Lakini kama sauti hukatika au hurudiarudia hata ukizungumza Dholuo nyumbani, huenda ni kigugumizi, na hapo anayefaa ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Uko hospitalini tayari. Uliza idara hiyo iko wapi. Kama mara nyingi huwa unawaomba watu warudie, pima masikio, kwa sababu silabi dhaifu za Kiingereza ndizo za kwanza kumpotea mtu asiyesikia vizuri. Na kama herufi zinakupanda na kushuka ukisoma hata Kiswahili, tafuta tathmini ya usomaji. Wanafunzi wenye disleksia hufika chuoni bila kutambuliwa, wamejikaza kwa kukariri.

Limebaki la msimamizi wako na ca-THE-ter yake. Kamusi ndiyo iliyo sawa, CA-the-ter, na kwenye mtihani wa mdomo fuata kamusi. Wodini mkiwa pamoja, sema CA-the-ter kwa sauti yako ya kawaida na upite. Usisimame kumsahihisha, wala usilirefushe neno ili wenzako wasikie. Yeye akilinusa tofauti atalichukua kimyakimya, asipolinusa, mpira wenyewe, hiyo catheter, utaingia vilevile. Na ukimgeukia mgonjwa mwenyewe mwenye haemorrhage, achana na neno hilo kabisa. Mwambie damu inatoka nyingi na mnaishughulikia. Akiwa ni wa kwenu, mwambie ni *remo*, damu kwa Dholuo, silabi mbili, na hapo hakuna wa kukucheka.